Anga la Entebbe ni la nani? Mikataba ya ndege, miungano ya mashirika na mfuko wa Mganda

Safari ya ndege kutoka Entebbe hadi Nairobi huchukua kiasi cha saa moja. Basi linaloondoka Kampala jioni hufika Nairobi asubuhi. Anayenunua tiketi ya ndege hudhani analipia mafuta, mishahara ya marubani, kodi za uwanja na faida ya shirika. Hayo yote yamo. Lakini kuna jambo jingine lisilochapishwa kwenye tiketi, nalo hupandisha au kushusha bei kabla injini haijawashwa. Jambo hilo ni ruhusa. Ni shirika gani limeruhusiwa kuruka kati ya miji hiyo miwili? Mara ngapi kwa wiki? Je, linaweza kuendelea hadi nchi ya tatu likiwa na abiria liliowapakia njiani?

Majibu ya maswali hayo huandikwa na serikali katika mikataba ambayo raia wachache huiona. Kwa Uganda, nchi isiyo na bandari ya bahari, mikataba hiyo ina uzito wa pekee. Mfanyabiashara wa Kikuubo anayefuata bidhaa Dubai au Guangzhou, kijana anayekwenda kufanya kazi nchi za Ghuba, hujaji anayeelekea Makka, na mkulima wa maua anayeuza Ulaya, wote hupitia mlango mmoja wa Entebbe. Makala haya yanaeleza jinsi mlango huo unavyofunguliwa na kufungwa, miungano ya mashirika ya ndege ni nini, na kwa nini uamuzi wa kulegeza masharti ya anga humgusa hata Mganda ambaye hajawahi kupanda ndege.

Kila nchi na anga lake

Msingi wa sheria za anga uliwekwa tarehe 7 Desemba 1944 mjini Chicago, Marekani, Vita Vikuu vya Pili vikiwa bado havijakwisha. Nchi 52 zilitia saini mkataba ambao kifungu chake cha kwanza kinatamka kwamba kila dola ina mamlaka kamili juu ya anga lililo juu ya ardhi yake. Kutokana na mkataba huo lilizaliwa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, lenye makao yake Montreal, Kanada.

Tamko hilo lina matokeo makubwa. Meli ya kibiashara ikiwa katika bahari kuu haihitaji kibali cha mtu. Ndege ya abiria yenye ratiba, kwa upande wake, haiwezi kuingia katika nchi nyingine bila idhini. Marekani ilitaka tangu mwanzo anga liwe huria, kwa kuwa ilikuwa na ndege nyingi kuliko wengine. Uingereza, iliyodhoofishwa na vita, ilitaka idadi ya safari igawanywe. Hawakuafikiana Chicago, na mwaka 1946 walikutana Bermuda wakaandika mkataba wa pande mbili. Mkataba huo ukawa kielelezo. Tangu hapo dunia imefumwa kwa maelfu ya mikataba ya namna hiyo, kila nchi ikiketi na mwenzake mmoja mmoja.

Mkataba wa kawaida wa pande mbili hutaja miji itakayohudumiwa, idadi ya mashirika yatakayoteuliwa na kila upande, idadi ya safari kwa wiki, na pengine namna ya kupanga nauli. Mara nyingi huongeza sharti moja zito: shirika lililoteuliwa sharti limilikiwe kwa sehemu kubwa na kuongozwa na raia wa nchi iliyoliteua. Sharti hilo ndilo linalofanya iwe vigumu kwa shirika la nchi moja kulinunua la nchi nyingine, kwa sababu mara tu umiliki ukihama, haki za kuruka nazo zinaweza kupotea.

Ngazi za uhuru wa anga

Wataalamu hupanga haki za kuruka katika ngazi wanazoziita uhuru wa anga. Uhuru wa kwanza ni kupita juu ya nchi bila kutua. Wa pili ni kutua kwa ajili ya mafuta au matengenezo tu. Wa tatu ni kuchukua abiria nyumbani na kuwashusha katika nchi ya pili, na wa nne ni kuwarudisha. Uganda Airlines inapompeleka abiria kutoka Entebbe hadi Nairobi inatumia uhuru wa tatu. Inapomrudisha inatumia wa nne. Ngazi hizo nne hazina ugomvi mkubwa.

Ugomvi huanzia uhuru wa tano. Huu ni ule unaoliruhusu shirika kubeba abiria au mizigo kati ya nchi mbili za kigeni, mradi safari imeanzia au itaishia nyumbani kwake. Katikati ya muongo wa 2010, kwa mfano, RwandAir ya Rwanda ilipata haki ya kubeba abiria kati ya Entebbe na Nairobi katika safari iliyoanzia Kigali. Abiria wa Kampala alipata chaguo jipya. Kenya Airways ilipata mshindani ambaye si wa Kenya wala wa Uganda.

Uhuru wa sita hauhitaji sana kuombwa, kwani huundwa kwa kuunganisha safari mbili nyumbani. Ethiopian Airlines humchukua abiria Entebbe, humfikisha Addis Ababa, kisha humpandisha ndege nyingine kwenda China. Mashirika ya Ghuba yamejengwa juu ya uhuru huu. Uhuru wa saba huliruhusu shirika kuruka kati ya nchi mbili za kigeni bila kugusa nyumbani kabisa, na wa nane na wa tisa huhusu kubeba abiria ndani ya mipaka ya nchi nyingine. Ngazi hizi za juu hutolewa kwa nadra sana.

Watu wanaposema serikali imelegeza sera ya anga, maana yake ni kwamba imeondoa idadi iliyowekwa ya safari, imeacha mashirika yapange nauli yenyewe, na imepanda ngazi hizi hadi uhuru wa tano au zaidi.

Kutoka kubana hadi kulegeza

Wimbi la kulegeza lilianza Marekani, ambayo mwaka 1978 iliacha kupanga nauli na njia za ndani ya nchi. Mwaka 1992 ilitia saini na Uholanzi mkataba wa kwanza wa anga huria kati yake na nchi ya Ulaya. Nchi za Umoja wa Ulaya nazo ziliunganisha soko lao hatua kwa hatua, na kufikia mwaka 1997 shirika la nchi mwanachama liliweza kubeba abiria hata ndani ya nchi nyingine ya Umoja huo. Matunda ya mabadiliko hayo ni mashirika ya nauli nafuu kama Ryanair na easyJet.

Afrika haikulala. Tarehe 14 Novemba 1999 mawaziri wa usafiri wa anga walikutana Yamoussoukro, Côte d'Ivoire, wakakubaliana kufungua anga la bara hili hadi uhuru wa tano. Uamuzi huo ulianza kutumika kisheria mwaka 2000, lakini kwa miaka mingi ulibaki kwenye makaratasi. Ndipo tarehe 28 Januari 2018, mjini Addis Ababa, Umoja wa Afrika ulipozindua Soko Moja la Usafiri wa Anga Afrika. Nchi 23 zilijiunga siku hiyo. Kenya na Rwanda zilikuwamo. Uganda na Tanzania hazikuwamo. Wakati huo Uganda ilikuwa ikijiandaa kulifufua shirika lake la ndege, na Tanzania ilikuwa ikilinunulia lake ndege mpya.

Wanaotetea kufungua anga wana hoja zenye tarakimu. Uchunguzi uliofanywa mwaka 2014 kwa niaba ya Chama cha Kimataifa cha Usafiri wa Anga, IATA, ulizitazama nchi 12 za Afrika, Uganda ikiwa mojawapo. Ulikadiria kwamba nchi hizo zikifunguliana anga, ajira 155,000 zingepatikana na nauli zingeweza kushuka kwa hadi asilimia 35. Ulikumbusha pia kwamba Afrika Kusini na Kenya zilipolegeza mkataba wao mwanzoni mwa miaka ya 2000, abiria kati yao waliongezeka kwa asilimia 69. IATA ni chama cha mashirika ya ndege yenyewe, na msomaji ana haki ya kulizingatia hilo anapopima makadirio yake. Hata hivyo mwelekeo wake unakubaliana na yaliyoonekana kwingineko: washindani wakiongezeka, viti huongezeka na bei hulegea.

Miungano: kushirikiana bila kununuana

Sheria ya umiliki iliyotajwa hapo juu ndiyo iliyozaa miungano ya mashirika ya ndege. Kwa kuwa shirika la Ujerumani haliwezi kulimeza la Thailand bila kuhatarisha haki za kuruka, wakuu wa mashirika walibuni njia ya kufanya kazi kama jamaa bila kufunga ndoa. Tarehe 14 Mei 1997 mashirika matano, Lufthansa, United, Air Canada, SAS na Thai Airways, yaliunda Star Alliance. Oneworld ilianza kazi mwaka 1999, ikiwa na British Airways na American Airlines kati ya waasisi wake. SkyTeam ilifuata mwaka 2000, ikiongozwa na Air France na Delta.

Ushirikiano huu una viwango. Cha chini ni makubaliano ya kupokezana abiria: tiketi moja, na begi linakabidhiwa Entebbe na kupokelewa mwisho wa safari. Kinachofuata ni kutumia namba za safari kwa pamoja, ambapo ndege moja huuzwa na mashirika mawili, kila moja kwa namba yake. Ndiyo sababu abiria anaweza kununua tiketi kwa jina la shirika moja akajikuta amepanda ndege yenye rangi za shirika jingine. Si udanganyifu, kwani tiketi hutaja shirika linaloendesha safari. Ni vyema kulisoma jina hilo kabla ya kulipa. Kiwango cha juu kabisa ni ubia wa kugawana mapato, ambapo mashirika mawili hupanga ratiba na nauli kama duka moja. Ubia wa namna hiyo huhitaji kibali maalumu cha serikali, kwa maana katika biashara nyingine washindani wanaopanga bei pamoja hushtakiwa.

Miungano yote mitatu inaonekana Entebbe. Star Alliance inawakilishwa na Ethiopian Airlines, Turkish Airlines, EgyptAir na Brussels Airlines. SkyTeam ina Kenya Airways na KLM. Oneworld ina Qatar Airways. Walio nje ya miungano hiyo ni pamoja na Emirates, RwandAir, Air Tanzania na Uganda Airlines yenyewe.

Je, muungano humfaa abiria? Humfaa anapokwenda mbali: miji mingi hufikika kwa tiketi moja, na ndege ya kwanza ikichelewa, shirika linalofuata linamtambua kuwa mgeni wake. Humdhuru pale ambapo waliokuwa wakishindana wanaacha kushindana. Ikiwa mashirika mawili pekee yanahudumia njia fulani na yote yakawa ndani ya ubia mmoja, anga linaweza kuitwa huria kwenye mkataba huku abiria akikutana na muuzaji mmoja.

Somo la mwaka 1995

Uganda ina historia yake katika mambo haya. Kuanzia mwaka 1946 nchi za eneo hili zilikuwa na shirika la pamoja, East African Airways. Lilivunjika mwaka 1977 pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki ya wakati ule, na kila nchi ikabaki na shirika lake. Uganda ilikuwa imeanzisha Uganda Airlines mwaka 1976.

Mwaka 1995 Uganda na Tanzania zilijaribu njia ya ushirikiano. Pamoja na South African Airways, iliyokuwa na fungu kubwa kuliko wote, ziliunda shirika lililoitwa Alliance Air. Ndege iliunganisha Entebbe na Dar es Salaam na London. Hesabu ilieleweka: Afrika Kusini ilikuwa na ndege na mtaji, Uganda na Tanzania zilikuwa na haki za kuruka kwenda Uingereza na kwingineko, haki ambazo peke yao hazikuweza kuzitumia kikamilifu. Lakini shirika lilipata hasara mwaka hadi mwaka, na mwaka 2000 mbia mkubwa alipochoka, lilisimama. Wabia wadogo hawakubaki na ndege wala ujuzi wa kuendelea.

Wakati huohuo serikali ya Uganda ilikuwa ikitafuta mnunuzi wa Uganda Airlines. Wanunuzi walijitokeza na kujiondoa mmoja baada ya mwingine. Moja ya sababu inafaa kukumbukwa: hisa za shirika hilo katika kampuni ya kuhudumia ndege na mizigo uwanjani Entebbe, biashara iliyokuwa ikiingiza fedha za uhakika, ziliuzwa kando mwaka 1998. Shirika lililobaki lilikuwa na madeni na jina. Mwaka 2001 lilifungwa.

Pengo hilo lilijazwa na wengine. Kenya Airways, ambayo KLM ilikuwa imenunua asilimia 26 ya hisa zake mwaka 1996, iliifanya Nairobi kuwa njia panda ya abiria wa Uganda. Mwaka 2007 shirika la binafsi la Air Uganda lilianza safari, lakini Juni 2014, baada ya ukaguzi wa ICAO kukosoa usimamizi wa usalama wa anga nchini, mamlaka ilifuta vyeti vya uendeshaji vya mashirika ya Uganda yaliyokuwa yakiruka nje, na Air Uganda ikafunga milango. Oktoba 2015 British Airways nayo iliacha kuja Entebbe. Kwa miaka kadhaa nchi ilikuwa na uwanja wa kimataifa wenye wageni wengi bila shirika la mwenyeji.

Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika miaka hiyo wageni walikuja, na abiria hakukosa ndege. Alichokosa mwenyeji ni sauti katika kupanga ratiba na bei, na ajira za marubani na mafundi.

Majirani na mvutano wa uhuru wa tano

Kufungua anga huwa na maneno matamu kwenye mikutano na machungu kwenye utekelezaji. Tarehe 15 Januari 2024 Tanzania ilitangaza kwamba kuanzia tarehe 22 ya mwezi huo Kenya Airways isingeruhusiwa kubeba abiria kati ya Nairobi na Dar es Salaam. Sababu ilikuwa ni kwamba Kenya ilikuwa imekataa kuipa Air Tanzania ruhusa ya kusafirisha mizigo kutoka Nairobi kwenda nchi za tatu kwa uhuru wa tano. Serikali hizo mbili zilizungumza na kuafikiana kabla katazo halijaanza kutumika. Lakini tukio hilo lilionyesha mambo mawili. Kwanza, haki ya mizigo inaweza kuwa nzito kama ya abiria. Pili, ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambako kati ya baadhi ya nchi mtu huvuka mpaka kwa kitambulisho, ndege bado huvuka kwa mapatano ya nchi mbili mbili.

Mfano wa Kenya Airways unafundisha pia kuhusu kumtegemea mbia mkubwa. Shirika hilo lilistawi baada ya 1996, likajiunga na SkyTeam, kisha likapata hasara ya shilingi za Kenya bilioni 25.7 katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2015. Mwaka 2017 madeni yalipangwa upya, fungu la serikali likapanda hadi asilimia 48.9 na la KLM likashuka hadi 7.8. Ubia wa kugawana mapato kati ya pande hizo ulikoma Septemba 2021. Muungano uliifungulia Nairobi njia za kwenda Ulaya, lakini haukuikinga na deni la ndege ilizonunua yenyewe.

Ethiopia ilichagua njia nyingine. Ethiopian Airlines, mali ya serikali, ilijenga kwanza kitovu chake Addis Ababa, chuo chake cha urubani na karakana zake, na ndipo Desemba 2011 ikaingia Star Alliance. Iliketi mezani ikiwa tayari na kitu ambacho wengine walikihitaji.

Uganda Airlines ya pili

Tarehe 28 Agosti 2019 Uganda Airlines iliruka tena kibiashara, ikianzia Nairobi. Ilikuwa na ndege za Bombardier CRJ900 zenye viti 76, ambazo baadaye zilifika nne. Mwishoni mwa 2020 na mwanzoni mwa 2021 zilipokelewa ndege mbili kubwa za Airbus A330-800, kila moja ikiwa na viti 258. Dubai ilianza kuhudumiwa Oktoba 2021, Mumbai na Lagos Oktoba 2023, na London Mei 2025, karibu miaka 10 tangu British Airways iondoke.

Safari ya London inafafanua jambo ambalo mikataba peke yake haielezi. Shirika linaweza kuwa na haki ya kuruka hadi Uingereza na bado likakosa muda wa kutua katika uwanja linaoutaka. Heathrow umejaa, na nafasi zake za kutua na kuruka hununuliwa kama viwanja vya katikati ya Kampala. Mwaka 2016 iliripotiwa kwamba Oman Air ililipa kiasi cha dola milioni 75 kwa jozi moja ya nafasi hizo. Uganda Airlines inatua Gatwick.

Gharama ya kurudi angani imekuwa kubwa. Ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zilionyesha hasara ya zaidi ya shilingi za Uganda bilioni 320 katika mwaka wa fedha 2022/23, na karibu bilioni 238 katika mwaka uliofuata. Watetezi wa shirika husema mashirika machanga hayapati faida mapema, na kwamba utalii, biashara na heshima ya nchi hazionekani katika hesabu hizo. Wakosoaji husema fedha hizo zingejenga hospitali na barabara.

Hapa ndipo sera ya anga inapomfikia Mganda asiyepanda ndege. Serikali inapolilinda shirika lake kwa kuwabania washindani, abiria hulipa kupitia tiketi. Inapofungua anga na shirika lake likashindwa kushindana, mlipa kodi hujaza pengo kupitia bajeti. Abiria anayeishi Kampala hujikuta katika pande zote mbili: hununua tiketi, na hulipa kodi kila anaponunua sukari au muda wa maongezi wa simu. Yule wa kijijini ambaye hajafika Entebbe hulipa upande mmoja tu, wala hafaidi punguzo la nauli. Kwa hiyo kila mkataba wa anga ni mgawanyo wa gharama kati ya raia wa nchi moja.

Maswali ya kuuliza

Idadi ya abiria waliopita Entebbe mwaka 2024 ilizidi milioni mbili. Mlango huu utaendelea kupanuka, na mialiko ya kufungua anga itaendelea kuja kutoka Umoja wa Afrika, Jumuiya ya Afrika Mashariki na mashirika ya Ghuba. Raia hahitaji kuwa mwanasheria ili aipime. Yapo mambo manne yanayotosha kuanzia.

La kwanza ni mabadilishano. Uganda ikitoa uhuru wa tano kwa shirika la nje, imepata nini, na je, ina ndege za kukitumia ilichopata? Haki isiyotumika ni kama shamba lisilolimwa; mwaka 1995 nchi ilikuwa na haki nyingi na ndege chache.

La pili ni mbia. Katika ubia au muungano wowote, nani anapanga ratiba na nauli, na siku mbia mkubwa akiondoka, kitabaki nini Entebbe? Karakana, mafundi waliofunzwa na huduma za uwanjani hubaki. Jina lililopakwa kwenye ndege ya kukodi huondoka nayo.

La tatu ni usalama. Soko la pamoja lisilo na usimamizi wa pamoja ni hatari, na mwaka 2014 ulionyesha kwamba udhaifu wa msimamizi unaweza kuliangusha shirika. Wakala wa Jumuiya ya Afrika Mashariki unaosimamia usalama wa anga una makao yake hapa hapa Entebbe. Uwezo wake ni sehemu ya sera ya anga huria, ingawa hautajwi sana katika mijadala ya nauli.

La nne ni hesabu. Mali bila daftari hupotea bila habari. Ikiwa taifa limeamua kubeba hasara kwa miaka kadhaa ili lipate shirika imara, raia anastahili kuelezwa ni miaka mingapi, ni kiasi gani, na ni njia zipi za safari zinazotarajiwa kujilipia. Bunge hupokea ripoti za ukaguzi kila mwaka, na ndipo mahali ambapo maswali hayo yanaweza kujibiwa hadharani.

Mkataba wa anga unapotiwa saini, taarifa ya habari kwa kawaida huonyesha mawaziri wakipeana mikono. Maneno yenye uzito ni yale yaliyo ndani ya karatasi walizobadilishana: ngazi ya uhuru, idadi ya safari, sharti la umiliki na tarehe ya kuupitia upya. Hayo manne yakijulikana, mfanyabiashara wa Kikuubo na mkulima wa kijijini wataweza kuona, kila mmoja kwa upande wake, sehemu ya gharama itakayowafikia.